Mlio wa Gari la Shahen

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, kabla gari la Shahen halijakata kona ya barabara ya San Fernando, Mzee Zaven alikuwa ameshaziweka dadu mezani na kusimama. Alikwenda mpaka mlangoni mwa gereji, mikono ina masizi, akatega lile sikio lake lililo zima, akasikiliza. Halafu akatabasamu. Gari lenyewe likaingia baadaye.

Garo, mwanawe wa pekee, aliyaona hayo akiwa kwenye kiti cha plastiki na kikombe kidogo cha kahawa mkononi, na kila Jumamosi kahawa ile ilimgeukia nyongo. Yeye alikuwa amefika robo saa kabla, na gari la aina ileile: saluni ya Kijerumani yenye milango minne na injini ya silinda sita. La Shahen lilikuwa jekundu na lake la kijivu, basi. Lakini alipoingia yeye, baba hakuinua hata macho kutoka kwenye mchezo wake wa dadu.

"Gari lako linapita kama mtu aliyevaa soksi," Shahen alimwambia siku moja, akicheka na kumpiga bega. "Binamu, lifanyie kitu. Wazee wanadhani ni la umeme."

Bwana Hagop, fundi cherehani wa jirani ambaye ndiye aliyekuwa akicheza na Zaven, alicheka mpaka akakohoa. Zaven naye akacheka. Hicho ndicho kilichomchoma Garo. Shahen angesema alivyotaka, lakini baba kucheka!

Mzee Zaven amechomelea mabomba ya moshi ya magari hapo Glendale, California, kwa miaka thelathini na minne. Garo amekulia chini ya magari hayo. Alipokuwa na miaka minane alishika taa huku baba akichomelea, na alijua kufumba macho kabla cheche hazijaruka. Kisha akaenda chuo, akawa mfamasia, mtu wa koti jeupe. Na mwaka wake wa kwanza chuoni, wenzake walipomuuliza baba yake anafanya kazi gani, alijibu kwamba ni injinia. Alisema hivyo kwenye ngazi za bweni, na baba alikuwa nyuma yake, amebeba sanduku la vyombo alivyofungashiwa na mama. Zaven aliliweka sanduku chini, akawasalimia vijana wale kwa adabu, akarudi nyumbani.

Tangu hapo Garo hakushika taa tena. Hakuna aliyemkataza. Ila Shahen, mtoto wa dada yake Zaven, ambaye hakusoma na wala hajali kutosoma, aliingia gerejini siku yoyote, akaita "Mjomba!" kama anayeingia jikoni kwa mama yake, na akapewa taa. Garo alikuwa amekitupa kitu hicho mwenyewe. Kukiona mikononi mwa mwingine, kimeng'arishwa na kinapendwa, kulimnyima usingizi.

Basi akaamua kununua ekzosi, bomba jipya la moshi lenye mlio.

Wiki tatu nzima alisikiliza video kwa spika za masikioni, zamu ya mchana katika duka la dawa na jioni mezani. Za chuma cha pua zililia kwa ukali, za titani zililia kama bati. Zenye vali za kufunga na kufungua mlio alizidharau, akaona ni za watu wasiojua wanachotaka. Jumapili asubuhi alikwenda kwenye uwanja wa maegesho ambako wenye magari ya namna hii hukutana kunywa kahawa. Desturi ya pale ni kwamba ukitaka kusikia gari la mtu, unachuchumaa nyuma yake, simu usawa wa goti, na mwenyewe anakukanyagia mafuta mara tatu. Garo alichuchumaa nyuma ya magari kumi na moja. Mengine yalikuwa mazuri kweli. Lakini kila mlio aliusikiliza kwa kuupima na mmoja tu, bila mwenyewe kutambua: alikuwa akitafuta ule uliomwinua baba yake kitini.

Mwishowe akanunua ekzosi ileile ya Shahen. Kampuni ileile, namba ileile kwenye sanduku. Akaifungisha kwa fundi wa Burbank, kwa siri, ili Jumamosi awashangaze.

Fundi alipowasha gari, Garo alisimama nyuma ya gari akasikia kile alichokilipia: mlio mzito, safi, wa kifua. Karibu alie. Ndipo akaingia ndani, akafunga mlango, akashika barabara kuu ya 134. Kufika maili sitini na tano kwa saa, gari likaanza kuvuma. Mvumo ule haukutoka nyuma, ulitoka ndani ya fuvu lake. Ulitetemesha kioo na meno yake. Akiongeza mwendo unapungua, akipunguza unapungua, lakini magari yote ya barabara ile yalikuwa yakienda mwendo uleule, naye hakuwa na pa kwenda. Wiki tatu alikuwa amesikiliza magari kutoka nje. Gari huendeshwa kutoka ndani.

Jumamosi hiyo aliingia gerejini saa tatu, mapema kuliko kawaida, kichwa kinamgonga. Baba hakuja mlangoni. Ila sauti yake ilitoka ndani:

"Hagop, nani huyo anayeendesha ngoma?"

Garo akashuka. Zaven alimtazama yeye, akalitazama gari, akachuchumaa kwa shida na kupitisha kidole kwenye kiungo cha bomba.

"Nani amekufungia?"

Garo akamtaja. Zaven akafuta kidole kwenye suruali.

"Ni ileile ya Shahen," Garo alisema, na sauti yake ikatoka kama ya mtoto anayeshtaki. "Ileile kabisa. Kwa nini yake hailii hivi?"

"Yake ilikuwa inalia hivi. Akaja akaniambia, Mjomba, kichwa kinaniuma. Nikamwekea kijibomba ubavuni, kimezibwa mwisho, kinaula ule mvumo."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Yeye aliuliza."

Pale ukutani, juu ya mashine ya kukunjia mabomba, kulikuwa na mistari ya chaki, kila mmoja urefu wa kijibomba na jina la mwenye gari. Garo alikuwa ameupita ukuta ule miaka yote bila kusoma. Sasa alisoma jina moja tu: Shahen.

Mlio ule wote aliouonea wivu, basi, ulikuwa kazi ya mkono wa baba yake. Jambo hilo lingepaswa kumtuliza. Badala yake wivu ukapanda mara mbili.

"Baba," alisema, "nitengenezee na mimi."

Zaven aliokota dadu moja iliyoanguka, akamrudishia Hagop.

"Unamtaka nani? Injinia au mchomeleaji?"

Hagop akajifanya anahesabu kete zake. Miaka kumi na mitatu, na mzee alikuwa amelibeba neno lile kama alivyolibeba sanduku la vyombo.

"Mchomeleaji," Garo alijibu. Halafu, kwa kuwa hilo halikutosha na alijua halikutosha, akaongeza: "Nilikuonea aibu, baba. Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa mjinga," Zaven alikubali. "Toa gari."

Walikwenda barabara kuu, mzee akiwa kiti cha nyuma, katikati, ambako mvumo ni mbaya kuliko kote. Walipofika ule mwendo, alifumba macho akaanza kuimba kwa pua, noti moja tu, mpaka ikalingana na gari na zote mbili zikawa kitu kimoja. Aliishika noti ile njia nzima ya kurudi, hakujibu swali lolote. Gerejini alichukua bomba lililozibwa upande mmoja, akapuliza mdomoni kama mtu apulizavyo chupa, akakata, akapuliza, akakata, mpaka bomba likaimba noti yake. Hapo akapima urefu wake ukutani na kuongeza shubiri moja kwa ajili ya joto la moshi, akachora mstari.

Garo aliutazama. Mstari wake uliishia vidole vinne chini ya ule wa Shahen.

"Hauwezi kuwa mrefu kidogo?" aliuliza.

Zaven alimgeukia, chaki bado mkononi. Alimwelewa moja kwa moja, na hakucheka.

"Magari mawili hayalii sawa hata yakitoka kiwanda kimoja. Nikiupeleka mpaka kwa Shahen, utakuwa sawa naye ukutani na gari litavuma. Unataka nini?"

Nje, gari jekundu lilikuwa linakata kona. Zaven alilisikia, kichwa kikageuka kidogo kwa mazoea, lakini hakwenda mlangoni. Alikuwa akingoja jibu.

Garo aliutazama mstari wa Shahen, kisha wake.

"Hapo ulipochora," alisema, akanyoosha mkono kuchukua taa.