Tundu la Bisibisi

Mume wangu amekwangua matumbo ya mashua maisha yake yote, na mikono yake hunuka rangi hata akitoka kuoga. Si mtu wa maneno. Akimaliza kukwangua, hugonga kila ubao kwa mpini wa bisibisi huku ametega sikio.

Juzi aliletewa mashua ya tanga iliyotelekezwa majini miaka minne. Mwenyewe alikuwa mbiombio, mama yake yuko mahututi kwao, na kwao ni siku kumi na mbili baharini. Nilipopeleka chakula nilimkuta mume wangu ameshabandua makome ndoo nane, sasa anagonga, mwenye mashua kasimama kando yake. Ubao mmoja ukaitika kama gunia la pamba.

"Umeoza," akasema. "Nipe wiki mbili."

"Sina wiki mbili, fundi. Wewe paka rangi tu, mengine niachie mimi."

Mume wangu akageuza bisibisi, akaisukuma kwa kiganja. Ikazama mpaka mpini. Akaizungusha mpaka likatoka tundu la kupitisha ngumi.

Yule bwana alimporomoshea matusi nisiyoweza kuyarudia, kisha akakaa mchangani akalia. "Umeninyima mama yangu," akasema.

Mume wangu akainama kuokota makome. Nilitaka kujibu mimi, maana mdomo ninao. Zamani shemeji yangu, kaka yake mume wangu, naye alikuwa na haraka ya kusafiri kwa mashua yenye ubao uliooza, akamwambia mdogo wake, huyu mume wangu, apake tu, naye akapaka. Hatukupata hata shati lake la kuzika.