Mfuko Uliodaiwa Kuoza

Ng'ombe wa mama alikufa kiangazi, kule Chamwino, tumbo limevimba na kuwa gumu kama ngoma. Bwana mifugo alipompasua alitoa donge la mifuko ya nailoni, kubwa kuliko kichwa cha mtoto, limesokotana na mabua ambayo hayakusagika. Mama aliligeuza kwa fimbo.

"Kumbe siku zote hizi alikuwa anashiba mifuko hii?" aliuliza.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Dodoma ambayo sote tulikumbuka rafu zake tupu yalikuwa yamejaa, na ukinunua hata nyanya tatu unafungiwa mfuko. Upepo uliizoa jalalani ukaitundika kwenye miiba hadi mashamba ya Ipagala.

Mimi nilikuwa fundi wa maabara ya udongo katika ofisi moja ya serikali mjini. Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja alipotuletea mfuko mpya, wa rangi ya maziwa, akisema umechanganywa na wanga wa mahindi na utaoza ardhini kwa masika moja tu, hakuna aliyefurahi kunishinda. Niliuamini kabla sijaupima. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Mkuu wangu alinipa kazi ya kuujaribu. Nilikata vipande, nikavifunga kwenye vifuko vya chandarua na kuvifukia sehemu tatu: kwenye mchanga, kwenye udongo mwekundu nyuma ya ofisi, na kwenye samadi niliyoibeba mwenyewe kutoka zizi la mama. Mvua zilinyesha vizuri mwaka ule. Zilipokatika, nikafukua.

Vipande vya mchangani na vya udongo mwekundu vilikuwa vilevile. Vya kwenye samadi vilikuwa vimeota ukungu, vimetoboka, na nilipovishika vikavunjika mkononi. Nilikimbilia hadubini.

Ukungu na bakteria walikuwa wamekula wanga, wanga peke yake. Plastiki ilibaki imejaa matundu kama wavu, na wavu wenyewe ulikuwa unakatikakatika kuwa chenga. Nilijaribu kuziokota kwenye samadi kwa koleo la maabara. Nilishindwa. Mfuko mzima angalau unauona, unainama, unauokota. Chenga zile zingesambazwa shambani pamoja na samadi, zikalimiwa humohumo.

Nikapeleka matokeo kwa mkuu. Mfanyabiashara alikuwa amekaa pale pale, anakunywa chai.

"Andika kwamba umeoza," mkuu alisema.

"Haujaoza, mzee. Umesambaratika tu."

"Kwani unauona tena?"

"Siuoni kwa macho, lakini upo."

Mfanyabiashara akacheka. "Dada, kitu usichokiona kinakusumbua nini?"

Niliweka karatasi zangu mezani. Nilisema sitaweka sahihi yangu chini ya uongo. Mkuu hakupandisha sauti. Alinitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa, akaniambia niende nikapumzike. Wiki iliyofuata barua ilitoka ikisema sampuli zimeonyesha "dalili nzuri za kuoza," na sahihi iliyokuwa chini yake ni ya mwenzangu ambaye hakuwahi kushika hata kijiko cha samadi ile. Mimi nikahamishiwa stoo, kubandika lebo kwenye chupa.

Nilimwandikia mkuu wa mkuu wangu barua mbili. Sikujibiwa. Matokeo yangu niliyaandika yote kwenye daftari la maabara kwa wino, kurasa nne, nikaweka jina na tarehe. Hakuna aliyethubutu kuzichana, na hakuna aliyezisoma.

Mifuko ile iliingia sokoni, imechapwa jani la kijani. Siku moja mama muuza vitunguu alinifungia vitunguu vyangu katika mmojawapo.

"Hii haina shida, dada," alisema kwa fahari. "Hii inaoza."

"Haiozi," nilimjibu, kwa ukali ambao hakustahili. "Niliipima kwa mikono yangu."

Alishtuka. Akatazama lile jani, akanitazama mimi.

"Mbona serikali imesema inaoza?"

Nilitoa vitunguu mfukoni kimoja kimoja, nikavitia kwenye khanga, nikamrudishia mfuko wake. Aliukunja vizuri, akamfungia mteja aliyekuwa nyuma yangu.