Giaboksi Niliyoichagulia Tembo

Siku niliyoripoti kazini katika karakana ya magari Tabora, kitu kikubwa nilichokabidhiwa kilikuwa kiti, si spana. Fundi Mkuu, Mzee Abdalla, alinikuta nimesimama mlangoni na vyeti vyangu vya kidato cha nne mkononi. Akaniambia nisaidie kukaza nati za lori lililokuwa likirudishiwa giaboksi, na nilipomaliza akafungua mlango wa abiria.

"Panda."

"Mzee, mimi si dereva."

"Nani amekwambia uendeshe? Umekaza nati?"

"Nimekaza mbili tu, Mzee."

"Basi zikifunguka hizo mbili, tufe wote."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya karakana yetu, nayo haikuandikwa popote: aliyefunga ndiye anayepanda. Gari lililofunguliwa tumbo halikutoka kwenye safari yake ya kwanza bila fundi aliyelifunga kuwa ndani yake. Siku ile tulienda hadi Itetemia na kurudi. Njia nzima nilikuwa nimeushika mlango kwa mikono miwili huku nikizisikiliza zile nati mbili. Mzee Abdalla alicheka, lakini hakuniambia niache kuogopa. Alisema fundi asiyeogopa hufunga kwa mazoea.

Alikuwa mtu wa mjini Tabora, wa ukoo uliokuwa pale tangu enzi za misafara. Babu yake alikuwa akiwachagulia matajiri wapagazi wa kwenda Ujiji. Alitusimulia kwamba babu huyo hakutazama kifua cha mtu. Alimzunguka, akamtazama shingo na nyayo. "Kifua ni cha kujionyesha," alisema Mzee. "Mzigo unakaa shingoni na unaishia nyayoni." Nasi tulifundishwa kuchagua giaboksi vivyo hivyo. Tusitazame ukubwa wa ganda, tutazame unene wa shafti inayopokea nguvu ya injini, na sahani za klachi zinazoishika nguvu hiyo isiteleze.

Baadaye nilihamishiwa Nzega, chini ya Mkaguzi wa Magari, mtu mkali aliyekuwa akinusa oili ya kila giaboksi kama mama anavyonusa maziwa. Nilichojifunza kwake ni kwamba giaboksi husema kwa harufu kabla ya kusema kwa mlio. Oili nzima ina harufu ya mafuta tu. Oili iliyoungua inanuka kama nywele zilizokaribia moto, na ukiinusa hiyo ujue sahani zimeanza kuliwa.

Nilikuwa Nzega neno "hujuma" lilipoanza kutembea, yaani kuuharibu uchumi wa nchi kwa makusudi. Kwanza lilikuwa la redioni, likaja kuwa la sokoni, mwisho likaingia gereji. Mwenzetu mmoja alichukuliwa baada ya lori la mbegu za pamba kufia njiani msimu wa kupanda. Hakuna aliyesema ameiba. Walisema tu, kwa nini lilikufa siku ile, kama si makusudi? Aliporudi alikuwa amekonda na hakushika spana tena. Alifungua kibanda cha kunyoa. Mjini Tabora wenye maduka walimwaga sabuni mashimoni ili wasikutwe nayo na kuitwa walanguzi. Mfanyabiashara mmoja, ambaye wazee wake walitoka Omani zamani, ndiye aliyekuwa akituuzia oili nyekundu ya giaboksi. Nilipomwendea nikiwa likizo, aliapa kwamba tangu azaliwe hajawahi kuiona oili yenye rangi hiyo.

Katika hali hiyo ndipo niliporudishwa Tabora, kwenye mradi wa kuchimba visima. Mzee Abdalla naye alikuwa ameazimwa huko kuwa Fundi Mkuu. Juu yake alikuwapo Meneja wa Mradi, na wote tulimwita Ndugu Meneja.

Mradi ulikuwa na gari moja kubwa la Kimarekani tulilolipa jina la Tembo. Magurudumu yake yote manne yalivuta, kabini yake ilikuwa na viti vya mbele na vya nyuma, na injini yake ya silinda nane ilikuwa na nguvu za farasi zaidi ya mia mbili. Halikuwa na pedali ya klachi. Giaboksi yake ilikuwa otomatiki, maana yake ilibadilisha gia yenyewe kwa msukumo wa oili. Mahali pa klachi palikaa chungu kilichojaa oili. Injini ikizunguka, oili inasukuma mapanga yaliyo ndani ya chungu, nayo yanaisukuma shafti. Madereva wengi waliliogopa kwa sababu hawakujua lilikuwa likiwaza nini.

Giaboksi hiyo ilikufa masika yalipokuwa yakikaribia, wakati tunangojewa kupeleka pampu katika kijiji kipya upande wa Ulyankulu. Watu walikuwa wamehamishiwa pale kabla ya maji, na walikunywa pamoja na ng'ombe katika bwawa moja. Wakubwa walikuwa wameahidi pampu mbele ya mkutano. Kwa hiyo gari lisingeweza tena kufa kama gari. Lingekufa kama ahadi.

Stoo kulikuwa na giaboksi mbili za kuchagua, na Mzee Abdalla akanipa mimi kazi hiyo.

Ya kwanza ilikuwa ya gia tatu, nzito, na shafti yake ilikuwa nene kama mwiko wa ugali wa harusini. Ilikwisha kufanya kazi miaka mingi na isingevunjika. Ila haikuwa na ovadraivu, yaani ile gia ya mwisho inayofanya shafti ya nyuma izunguke haraka kuliko injini, ili kwenye barabara nyoofu injini ipumzike na petroli ipone. Petroli ilikuwa kwa kibali, na kwa giaboksi hiyo petroli tuliyopewa ingeishia porini.

Ya pili ilikuwa mpya, ya gia nne, ya nne ikiwa ovadraivu. Gia yake ya kwanza ilikuwa nzito kuliko ya mwenzake, na hiyo ni faida kubwa kwenye tope, maana gari linaanza kuvuta bila kupigwa mafuta mengi. Lakini ilitengenezewa gari jepesi zaidi. Shafti yake ilikuwa nyembamba, na sahani za klachi zilizo ndani yake zilikuwa chache. Tena ilikuwa na kebo inayotoka kwenye pedali ya mafuta kwenda kuiambia oili isukume kwa nguvu kiasi gani. Kebo ikilegea kidogo, oili inasukuma kwa unyonge, sahani zinateleza, na giaboksi nzima inaungua kabla hujasikia mlio wowote.

"Nyembamba shingo," alisema Mzee Abdalla.

"Lakini nyayo zake nzuri, Mzee. Na ile nyingine haitaturudisha kwa petroli hii."

"Utapanda wewe, kijana wangu. Sikuchagulii."

Sikulala vizuri siku zile. Nilichagua ya ovadraivu. Nikaifungua, nikaiongezea sahani ya klachi mahali palipoweza kubeba. Nikatoa rejeta ndogo kwenye lori bovu na kuifunga mbele ya Tembo, ili oili ipite pale ipozwe na upepo. Kebo niliipima, nikaipima tena, nikamwita Mzee aipime. Kisha nikamwambia dereva wetu, Maganga, kwamba ovadraivu ni ya lami na changarawe kavu tu. Kwenye mchanga mzito au tope, mkono wa gia urudi ya tatu au ya pili, ili giaboksi isipande zaidi ya hapo.

"Mke wangu ana masharti machache kuliko giaboksi yako," alisema Maganga. Yeye na mimi tulikuwa tukila sahani moja. Watoto wake waliniita baba mdogo.

Siku ya safari Maganga na Meneja walikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma, na pembeni yangu akapanda mtu ambaye hakuna aliyemtambulisha. Alivaa suti ya Kaunda ya rangi ya kijivu, na begi lake alilipakata kwa mikono yote miwili. Alisalimu mara moja, akanyamaza. Nilidhani Meneja amemleta. Kumbe Meneja naye alidhani ametumwa kutupeleleza. Siku hizo mtu aliyevaa suti ya namna ile akakaa kimya, hukumuuliza ametoka wapi. Ulijikunja tu na kupima maneno yako.

Tukaifuata njia ya zamani ya misafara, halafu tukachepuka. Changarawe ilipokwisha ulianza mchanga mrefu uliokata katikati ya miyombo. Nilimwona Maganga akishusha mkono kwenye gia ya tatu.

"Rudisha," alisema Meneja. "Hiyo inakula petroli."

Maganga akarudisha ovadraivu. Mara moja nikaanza kuisikia kwa nyayo, kupitia sakafu. Giaboksi ilipanda gia ya nne, ikashindwa na mchanga, ikarudi ya tatu, ikapanda tena, ikarudi. Ilihema kama mtu anayepandishwa mlima. Kila inapobadilisha hivyo oili inachemka zaidi. Mbele yetu kulikuwa na mbuga, ile ardhi nyeusi inayonata, na juu yake wingu zito lilikuwa likijikusanya. Ikinyesha kabla hatujapita, hatuvuki. Tukiingia na giaboksi iliyochemka, inafia katikati. Nilijua hivyo. Lakini kumkosoa mkubwa mbele ya mtu yule ilikuwa kujitaja mwenyewe kuwa mhujumu.

Kisha nikanusa. Nywele zilizokaribia moto.

"Maganga, simamisha gari."

Maganga alinitazama kwenye kioo. "Mimi nisimamishe? Mwombe mwenye gari, bwana."

Meneja aligeuka. "Kuna nini?"

"Ndugu Meneja, oili inaanza kuungua. Tusimame ipoe, halafu tuvuke kwa gia ya pili. Tukiingia hivi haitatoka."

"Wingu lile hulioni?"

"Naliona."

"Unaliona, na bado unataka tukae hapa. Unatuchelewesha makusudi?"

Makusudi. Kwenye neno hilo ndipo mkasa wa yule mwenzetu wa Nzega ulipoanzia. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Tabora, mtu wa suti ya kijivu akafungua mdomo. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwani, fundi, ikifia huko ndani, itasemwa ameiua nani?"

Nikasema, "Mimi. Mimi ndiye niliyeichagua na ndiye niliyeifunga. Ikifa imesimama au ikifa imezama, jina ni langu. Ila naomba isife."

Meneja alimtazama yule mtu, akatazama begi lake, akafunga kifungo cha shati lake kilichokuwa wazi. Kumbe naye alimwogopa. Akamwambia Maganga, "Zima."

Tulisimama pale boneti ikiwa wazi, wingu likitusogelea. Nilikuwa nikigusa rejeta ya oili, nikiondoa mkono, nikigusa tena. Ilipoacha kuunguza niliomba tuondoke. Tukaingia mbugani kwa gia ya pili, matone ya kwanza yakipiga kioo. Tembo lilizama, likayumba, likavuta. Halikupiga kelele wala kukimbia, lilivuta tu, mpaka tukasikia changarawe chini ya magurudumu. Nilijikuta nimeushika mlango kwa mikono miwili.

Kijijini kundi la wanafunzi lilitukimbilia, lakini halikukimbilia pampu. "Shikamoo, Mwalimu! Shikamoo, Mwalimu!" Wakaanza kumpokea begi mtu wa suti ya kijivu, naye hakutaka kuliachia. Alikuwa mwalimu wa hesabu, aliyeambiwa na mlinzi wa geti apande tu. Begini mlikuwa na sukari na sabuni za mkewe.

"Ndugu zangu, nisameheni," alisema. "Nilidhani ninyi ndio wale."

"Na lile swali?" niliuliza.

"Niliogopa mtagombana halafu niitwe shahidi. Nikataka nijue mapema shahidi wa nani."

Meneja alicheka mpaka akaegemea bodi ya gari. Sote tulicheka. Pampu ikafungwa, watu wakateka maji.

Lakini tuliporudi, baada ya siku si nyingi Mzee Abdalla aliitwa kwenye ofisi isiyo na kibao. Alirudi akanivuta nyuma ya stoo.

"Ulisema nini huko njiani? 'Jina ni langu'?"

"Nilisema, Mzee."

"Wanayajua maneno hayo kama yalivyo. Nimewaambia gari linatembea, pampu inatoa maji, kosa liko wapi? Wakasema hakuna kosa. Wamesema jina wamelihifadhi tu, mpaka hapo giaboksi itakapokufa."

Mwalimu alibaki kijijini. Meneja alipanda treni kwenda Dar es Salaam jioni ile ile tuliyorudi. Kati ya walioyasikia maneno yale, aliyebaki Tabora ni mmoja, na mchana huo tulikuwa tumekula naye sahani moja.

Toka siku ile nililitunza Tembo kama mtu anavyomtunza mgonjwa anayejua siri yake. Kila asubuhi nilinusa oili na kupima kebo. Nilikataa likizo. Vijana wa gereji huniuliza leo wachague otomatiki gani kwa gari lenye nguvu nyingi la kwenda porini, na mimi huwajibu kifundi. Tazameni shafti na sahani. Pozeni oili. Chagueni gia ya kwanza nzito. Ovadraivu ichukueni, ila iwe na mtu mwenye ruhusa ya kuitoa. Siwaambii kwamba giaboksi ile ilidumu kuliko zote nilizofunga kwa sababu niliiogopa.

Injini ndiyo iliyokufa kwanza. Pistoni zilikwisha, gari likapigwa mnada likiwa juu ya matofali, na giaboksi yangu ilikuwa bado nzima ndani yake. Niliposikia, niliketi chini palepale: isingekufa tena mikononi mwangu. Nikaacha kazi wiki hiyo, katika umri ambao wenzangu wanapandishwa vyeo. Tangu hapo nimekuwa mtu wa njiani, Mpanda, Kigoma, tena Nzega, na Tabora huirudia kama mgeni.

Siku niliyoondoka Maganga alinibebea sanduku hadi stesheni. Alilipandisha kwenye behewa, akasimama nje ya dirisha mpaka treni ilipoanza kusogea.

"Fundi," alisema, akitembea sambamba na dirisha, "mimi nina watoto wengi."

Nilimpa mkono. Aliushika mpaka treni ikamshinda mbio.