Makongoro Kila Alfajiri

Nilikuwa mtu wa kutembea. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi hakuna anayeamini, na wanangu wananisikiliza kwa ile heshima ya kumsikiliza mtu anayeongopa. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilitoka nyumbani Magomeni kwa miguu, nikashuka bonde la Jangwani, nikapanda upande wa pili mpaka Kariakoo, ambako nauza vifungo, zipu na nyuzi kwa jumla. Wenzangu walikwama kwenye foleni wakafika wamenuna. Mimi nilifika natoka jasho, nina hamu ya kubishana na wateja. Mvua kubwa ikinyesha na bonde likajaa maji, nilisimama ukingoni na wengine nikitukana, na maji yakipungua nilikuwa wa kwanza kukunja suruali.

Kwa hiyo kidole kiliponianza nilidhani ni yale maji machafu. Niliamka alfajiri moja nikakuta kidole gumba cha mguu wa kushoto kimevimba, ngozi inang'aa, na ndani yake panachoma kama mtu amenichomeka kaa la moto. Shuka likikigusa napiga kelele. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, mzee wa kanisa, nililizwa na shuka.

Mama yangu alikuwa anaishi na sisi tangu baba afariki. Tulimshusha kutoka Kilimanjaro karibu kwa nguvu, maana hakutaka kuiacha migomba yake, na hapa mjini hakuwa na kazi yoyote. Mke wangu hamruhusu kufagia, wasichana wa nyumbani wanamkimbia, na watu wa mtaani, kwa maneno yake, wanasalimia kama wanafukuzwa. Alikaa barazani na khanga yake akisubiri jioni. Sasa alipokuja kukitazama kidole changu, Mungu anisamehe kwa kusema, uso wake ulichangamka.

"Ute umeisha," alisema. "Viungo vyako vimekauka, mwanangu. Unatembea kila siku, unafikiri ute unatoka wapi?"

Hapo hapo akaomba kisu.

Makongoro, yaani miguu ya ng'ombe, mama alikuwa haamini mtu mwingine ayachague. Alikwenda buchani mwenyewe, akakataa ya nyuma akataka ya mbele, akayachoma manyoya kwenye jiko la mkaa uani, akayakwangua mpaka yakawa meupe. Alfajiri ya kesho yake yalikuwa yanachemka tangu saa kumi. Supu ilikuja nzito, inanata midomoni, limau na pilipili kwa juu, na vipande vya ndizi alivyotia kwa sababu kwetu chakula bila ndizi ni vitafunio. Alisimama mbele yangu mpaka nikamaliza bakuli.

"Baba yako nilimtibu hivi hivi," akaniambia. "Miguu ilimsumbua miaka mingi, nikamchemshia, akasimama. Muulize yeyote kule kijijini."

Siku ya nane maumivu yakaondoka yenyewe. Leo najua ndivyo ugonjwa huu unavyofanya, unakuja na kuondoka unapotaka, na chochote ulichokuwa umekishika mkononi wakati unaondoka unakiita dawa. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli. Nilimshukuru mama mbele ya nyumba nzima, nikasema ameniponya, na kuanzia siku ile supu ya makongoro ikawa kazi yake. Jumapili pia, kabla ya kanisa.

Ugonjwa ulirudi baada ya miezi mitatu. Halafu ulirudi baada ya miwili, ukahamia kwenye kifundo, ukarudi kidoleni. Kila uliporudi mama aliongeza bakuli. Kariakoo nzima ikageuka hospitali. Jirani yangu dukani ni mzee wa Kiarabu anayeuza viungo vya chakula, mtu mwenye jibu la kila kitu, na kila nilipompita nikichechemea alinishika shati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mangi. Bado huo mguu? Nilikwambia siki. Siki na habasoda."

Wote tuliotoka Kilimanjaro wanatuita mangi, yaani chifu, hata asiye na kitu. Nilikunywa siki yake mpaka tumbo likaungua. Nilikunywa manjano nikatoa jasho la njano, nguo za kanisani zikaharibika kwapani. Tangawizi nilichemsha, ukwaju nililoweka, nikafunga mguu kwa jani la kabichi lililopashwa moto, na kuna mteja mmoja aliyenishawishi niuloweke kwenye maji ya majani ya mpera, ambayo yaliupaka rangi tu. Kitu pekee kilichonituliza kilikuwa barafu, na barafu inayeyuka. Nyanya niliacha, pilipili niliacha, maharage niliacha, kila mtu alinipokonya kitu chake. Hakuna hata mmoja aliyeitaja supu, kwa sababu supu ilikuwa dawa.

Mwaka ulipita hivyo. Kutembea nilikuwa nimeshaacha, nakwenda dukani na bajaji, nimekaa kwenye stuli nyuma ya kaunta kama mzigo ambao mwenyewe hajaja kuuchukua. Mke wangu alichoka kunisikiliza. Yeye ni mtu wa maneno machache, na siku moja alisema matatu tu: twende tukapime damu.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko binti yangu mkubwa. Alinipa shikamoo, akasoma majibu, akaugusa mguu kwa ncha ya kidole.

"Mzee, asubuhi huwa unakunywa nini?"

"Supu," nikasema.

"Ya nini?"

"Makongoro. Bakuli kubwa, siku hizi mawili. Mama yangu ananichemshia." Nililisema kwa majivuno kabisa.

Akaweka kalamu mezani. "Kila siku?"

Akanieleza polepole, kwa upole ambao ulinikera. Ugonjwa unaitwa jongo, wengine wanauita gauti. Kuna tindikali kwenye damu ambayo figo zangu zimeshindwa kuitoa, inakwenda kuganda kwenye viungo kama chenga za chumvi. Nyama nyingi inaiongeza, maini, utumbo, dagaa, pombe, na hizo supu zilizochemshwa tangu alfajiri.

"Na ute?" nikauliza.

"Ute haujaisha, mzee. Tatizo lako silo hilo."

Kulikuwa na vinundu viwili vigumu karibu na kidole nilivyokuwa nimevizoea. Alisema ni hizo chenga, zimekaa muda mrefu, zimekula kiungo. Vidonge vingezuia zaidi, maji mengi yangesaidia, lakini kilicholiwa hakirudi. Nilimuuliza kama nitatembea tena mpaka Kariakoo. Akanitazama, akaandika kitu, akasema tuanze kwanza na dawa.

Nje, mke wangu aliniuliza swali nililokuwa nalikwepa. "Mama tutamwambia nini?"

Hatukumwambia chochote. Mguu nilishaanza kuuaga, ukweli ni huo, lakini yule bibi barazani alikuwa na kitu kimoja tu hapa mjini, nacho ni kuamka saa kumi kunitibu. Nilijiapiza kwamba hata nikikatwa mguu, mama asijue. Nikamwambia sasa nawahi dukani, supu aniwekee kwenye chupa ya chai nikanywe huko. Alifurahi, akanunua chupa kubwa zaidi.

Supu akawa anaipata mlinzi wa jengo letu la Kariakoo, mzee mwembamba kutoka kusini aliyekuwa akilala ameegemea geti. Nilimkabidhi chupa kila asubuhi, na jioni alinirudishia imeoshwa. Nilimwambia ni siri. Aliapa. Baada ya miezi miwili alianza kupata shavu.

Mimi nilikuwa nakunywa maji. Hapa kuna kichekesho ambacho daktari hakukifikiria: choo cha jengo letu kiko ghorofa ya pili, ngazi ni nyembamba na zimejaa mabalo ya vitambaa vya watu. Mtu asiyeweza kutembea anaambiwa dawa yake ni kunywa maji kutwa, halafu apande ngazi mara nane. Nilipanda nikiwa nimeshika ukuta, nikiwatukana waliojenga. Nilikula wali na mchicha. Harusini nilikaa na soda za watoto, nikitazama wenzangu wakitafuna mbavu, na walioniuliza niliwaambia niko kwenye maombi.

Lakini ilisaidia kidogo, lazima niwe mkweli. Maumivu yalianza kuchelewa. Asubuhi moja nilivaa viatu vya wazi nikatoka bila kumwambia mtu, nikateremka mpaka darajani Jangwani. Nilisimama pale katikati, nikaona Kariakoo kwa mbele, karibu kabisa. Nikashindwa kupanda upande wa pili. Nilisimamisha bajaji nikiwa nimegeuzia uso mtoni ili dereva asinione. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ya mwisho kwa miguu, na ilikuwa nusu.

Mama huwa haji Kariakoo. Alikuja mara moja tu, na mke wangu, kutafuta kitambaa cha sare ya akina mama wa kanisani, na walipomaliza akataka kuniona. Mimi nilikuwa juu, chooni. Mlinzi alikuwa getini, chupa iko miguuni, kikombe mkononi, na mke wangu alipomtambulisha mama, yule mzee mwenye adabu zake aliisahau siri, akasimama wima.

"Shikamoo mama! Kumbe ndiye wewe? Mkono wako umebarikiwa. Tangu nianze supu hii, magoti yangu kama ya kijana."

"Marahaba," mama akamjibu. Mke wangu ndiye aliyenisimulia. Alikitazama kile kikombe, akaitazama chupa aliyoinunua mwenyewe, akaomba arudishwe nyumbani.

Jioni nilimkuta barazani. Siku hiyo kidole kilikuwa kimeanza tena, ngazi mara nane na joto la dukani, na nilishuka kwenye bajaji nikiwa nimeuma meno. Hakunipa hata nafasi ya kukaa.

"Tangu lini?"

"Mama, ngoja nipumzike."

"Supu yangu ina nini? Inanuka? Ni chafu? Unampa mlinzi, mimi naamka saa kumi nampikia mlinzi?"

Nilikuwa na uongo wa kutosha. Ningeweza kusema mafuta yalinizidi, au daktari amesema nipumzike kidogo. Mimi nina hasira za karibu, nimezaliwa nazo, na mguu ulikuwa unapiga kama ngoma. Nikapayuka mtaa mzima ukasikia.

"Hiyo supu yako ndiyo iliyoniua mguu! Daktari kasema! Mwaka mzima ulikuwa unanilisha ugonjwa!"

Mke wangu alitoka jikoni, akanitazama mimi, siyo yeye, akarudi ndani.

Kesho yake saa kumi niliamka kwa mazoea nikasikiliza. Uani palikuwa kimya. Sufuria kubwa lilikuwa limetundikwa ukutani, safi, na halijashuka tena. Nimejaribu. Nilimnunulia mchicha nikamwomba anipikie kwa njia ya kwao, akasema wasichana wataupika vizuri zaidi. Nilimwambia daktari ameruhusu supu mara moja kwa mwezi. Akasema, "Usinidanganye, mimi siyo mtoto." Siku hizi hata maji ya kunywa haniletei, anamwita mtu alete, kama anaogopa mkono wake.

Na mimi nimebaki na dawa zangu. Vidonge nameza, maji nanywa, nyama sijui ladha yake, na kidole kinakuja na kuondoka kikitaka. Sasa na goti la kulia limeanza. Nilijua kwamba daktari hakuniahidi kitu, lakini mtu hujidanganya kwamba akitii atalipwa. Dukani nimeweka mtu wa kunishushia mizigo, ngazi za chooni naziogopa, na Jangwani naiona kupitia pazia la bajaji.

Jumapili iliyopita tulikaa barazani, mimi na yeye, mguu wangu juu ya kigoda. Nikajikaza nikamwomba msamaha. Nilimwambia hakujua, hakuna aliyejua, hata Kariakoo nzima ilinishauri ujinga, na kwamba yale niliyasema kwa maumivu. Alinisikiliza akikunja na kukunjua ncha ya khanga. Nilipomaliza aliilaza ile ncha pajani, na nikadhani yamekwisha.

"Na baba yako?" akauliza.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikamwona baba, miaka yake ya mwisho, akibebwa kwenye kiti kupelekwa nje kuota jua kando ya mibuni, na bakuli likimfuata.

"Nilimpikia miaka kumi na mbili," mama akasema. "Kila siku. Alikuwa hataki, namlazimisha."

Nikasema baba alikuwa mzee. Nikasema ule wa baba ulikuwa ugonjwa mwingine, uzee tu, hauna uhusiano na huu. Nilisema haraka sana, na mwenyewe nikaisikia ile haraka.

Mama aliinama, akanyoosha mkono, akakigusa kidole changu taratibu kiasi kwamba hakikuniuma.

"Kilikuwa hiki hiki," akasema. "Cha kushoto."