Mtu wa Mwisho Kwenye Kamba

Nina kibanda cha picha Nchiru, karibu na geti la chuo. Napiga wanafunzi picha za pasipoti, nachapisha kazi zao, navitia vyeti plastiki. Na kila wiki mtu huniletea kitambulisho cha marehemu, nikikuze kile kiuso kidogo kitoshe kwenye karatasi ya mazishi. Kazi hiyo hunikosesha hamu ya chakula, kwa sababu baba yangu naye hakuwa na picha nyingine ila ya kitambulisho, na ni mimi bintiye ninayeshika kamera kutwa.

Miaka mitatu alikataa kupigwa picha. Tangu ugonjwa wa kutetemeka umshike mikono, ukitoa simu tu anakumbuka kwamba ng'ombe hajanyweshwa maji. Kwenye harusi ya dada yangu alipotelea jikoni mpaka wageni wakaondoka. Mimi sina subira, na nilimwambia wazi kwamba ana maringo ya uzeeni. Yeye akaendelea na chai yake.

Majuzi mwanafunzi mmoja alichapisha picha za kale za somo lake, akaniachia moja iliyotoka na doa la wino. Ilikuwa ya karne ya kumi na tisa: Wazungu wanane uwanjani, wana masharubu, wanavuta kamba. Nikaipeleka nyumbani Githongo, kwani ujanani baba alikuwa kwenye timu ya kamba ya kiwanda cha kahawa. Yeye ndiye aliyekaa mwisho kabisa, kamba ikizungushwa mgongoni mwake.

Tulikaa nje penye jua. Aliilaza picha mapajani ili isichezecheze.

"Hawa wanadanganya," akasema. "Tazama visigino. Mtu anayevuta huchimba udongo. Hawa wamesimama kama wanaomngoja mchungaji aanze maombi."

Nikamweleza kwamba kamera za wakati ule zilikuwa za polepole, ilibidi watu watulie tuli na mchezo wauigize tu. Akacheka. Kisha kidole chake kikafika kwa mtu wa mwisho. Mwili ulionekana, viatu vilionekana, lakini uso na mikono vilikuwa kama ukungu.

"Na huyu?"

"Huyo alitikisika, baba."

"Huyu ndiye aliyekuwa anavuta kweli, mama." Nina jina la mama yake, ndiyo maana huniita hivyo. Alimtazama yule mtu kwa upendo, kama mwenzake wa timu. "Ona alivyolalia nyuma. Kazi yote ni yake, na kamera ikamla uso."

Akainua macho kutoka kwenye picha.

"Siku ile ya picha za kitambulisho, mpiga picha alitukaripia. Ukitikisika umeharibu. Sasa mimi siwezi kutulia. Mtabaki na mzee asiye na mikono."

Nilijisikia vibaya sana. Miaka mitatu nimemgombeza, na swali la kwa nini halijawahi kunitoka mdomoni. Jibu lake ningempa kwa dakika moja, maana ndiyo kazi inayonilisha.

"Baba, kamera za siku hizi ni za haraka. Hazimngoji mtu atulie."

"Unanibembeleza."

"Haki ya Mungu."

Akaenda kuvaa koti. Vifungo vilimsumbua, lakini nilimwacha afunge mwenyewe, kimoja baada ya kingine. Akaketi, mikono juu ya magoti, ikitetemeka kama kawaida yake. Nikapiga mara moja, nikampa simu.

Kwenye kioo cha simu mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, vidole vyote kumi. Alitaka kuigusa. Kidole kikatetemeka, picha ikakimbia, ikaja ya mwanafunzi fulani mwenye tai. Nikairudisha. Ikakimbia tena. Mara ya tatu nilikishika kidole chake, nikakiweka juu ya picha na kukizuia pale, huku nikilia bila aibu.

"Ndiyo mikono yangu hii," akasema. "Nilikuwa nimeisahau."