Embe la Mlimani

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya kilimo hapa Songea, nikifuatilia mbegu za mahindi. Mbele yangu alisimama bibi aliyeshuka na basi la Mbinga, koti la baridi amelifunga mpaka shingoni. Akafungua kanga, akaweka embe mezani.

"La kwetu hilo, mlimani juu."

"Shikamoo, bibi. Kule ni baridi, mwembe hauzai," akasema bwana shamba.

"Marahaba. Marehemu mume wangu aliupanda, kijiji kizima kikamcheka mpaka anakufa. Kata, ule."

Bwana shamba akakata, akala, akafumba macho, akakata tena. Foleni nzima tukagawiwa vipande, tukacheka huku maji ya embe yakitutiririka mikononi. Bibi alicheka kuliko wote.

"Sasa andika na hili," akasema. "Joto limepanda. Ndege wa baridi aliyekuwa akiimba mlangoni kwangu amehamia kileleni. Joto likifika na huko, atakwenda wapi?"

Bwana shamba alishika kalamu, hakuandika. Na mimi mwenzenu sikumsaidia kujibu, maana nilikuwa na embe mdomoni.