Kaka Aliyelipia Sauti Kamili

Kaka yangu ni fundi spika. Si fundi wa kila kitu. Ukimpelekea pasi atakuonyesha mlango. Yeye ni spika tu, miaka thelathini na moja sasa, katika chumba chenye dirisha moja, na mimi niko upande wa pili wa ukuta wa mbao na cherehani yangu. Ukuta wenyewe ni jina tu. Akipiga chafya namwambia pole bila kuinua kichwa.

Watu wanamwita Sikio. Jina alipewa na wanamuziki enzi za ujana wake, alipokuwa akibeba na kufunga vyombo vya bendi. Alikuwa anasimama nyuma kabisa ya ukumbi, anakunja uso, anasema, "Spika ya kushoto, ile ndogo ya juu, imechoka." Wakifungua wanakuta kweli, ina ufa mwembamba kama unywele. Hakusomea ufundi popote. Alianza kwa kubeba spika akaishia kuzifungua, na katikati hapo alikaa miaka kumi pembeni ya spika ndefu kumzidi yeye mwenyewe, kila wiki, zikimpigia kelele usoni. Nyumbani tulikuwa tunaisimulia sehemu hiyo kwa majivuno. Siku hizi naona tulikuwa tunasimulia ugonjwa.

Kaka ana kanuni moja: spika haitoki kwake bila kusikilizwa. Na wimbo wa kusikilizia ni mmoja, mwaka mzima, wa taratibu, wa zamani. Kwenye ubeti wa pili mpiga ngoma anagusa ukingo wa toazi, ile sahani ya shaba, kwa ncha ya kijiti, na inatoka sauti nyembamba, kavu, inayomwagika polepole mpaka iishe. Kaka anaiita mchanga. Mchanga ukisikika, spika imepona. Usiposikika, inarudi mezani hata kama mwenyewe amesimama mlangoni na gari linanguruma. Mimi wakati huo lazima ninyamaze na cherehani niinyamazishe. "Mdogo wangu, simama!" anapiga ukuta, nami naondoa mguu hata kama niko katikati ya pindo. Wateja wangu wengine wana mapindo yenye kona isiyoelezeka. Ni ubeti wa pili huo.

Zamani wimbo huo alikuwa nao kwenye diski, mpaka diski ikachubuka ikaanza kurukaruka. Binti yake, anayefanya kazi mbali, akamletea kompyuta ndogo iliyotumika na kumwekea programu ya kusikilizia muziki nyumbani. Muziki wako wote unapangwa humo na picha zake, na usionao unaletewa kwa mtandao. Unalipa kila mwezi. Kuna madaraja matatu: Kawaida, Bora na Kamili. Binti alitueleza vizuri, hata mimi wa darasa la saba nikaelewa. Kwenye Kawaida wimbo umebanwa ili upite haraka, kama unavyokandamiza nguo kwenye begi dogo, na vitu vidogovidogo vinatupwa njiani. Kwenye Kamili hakitupwi kitu. Unaletewa wimbo kama ulivyotoka kwa waliourekodi.

Kaka alichukua Bora, daraja la katikati, na kwa miaka miwili tulikuwa na amani. Kisha siku moja nikamsikia anarudia ubeti wa pili mara tano, mara sita.

"Wananikata hawa," akasema.

"Nani?"

"Watu wa programu. Mchanga umepungua. Juzi wamepandisha bei, leo wanapunguza mchanga."

Wifi yangu, mke wake, alikuwa ameleta chai. "Mchanga?" akasema. "Uko uani tele, na haulipiwi. Nikuletee na koleo?"

Tulicheka, na yeye akacheka. Mwezi uliofuata akapanda daraja la Kamili, tena akalipia mwaka mzima kwa mkupuo kwa sababu ukilipa mwaka unapunguziwa. Pesa ya kubadilisha bati za jikoni ilikwenda huko. Wifi hakucheka tena.

Na Kamili ilipofunguliwa, kaka akaweka wimbo, akapiga ukuta, nikaondoa mguu. Ubeti wa pili ukafika. Nikausikia mchanga, safi, kama mtu amemimina mchele kwenye sinia chumbani kwangu.

"Hakuna!" kaka akasema.

Nilidhani anatania. Nikachungulia. Alikuwa ameinama mbele ya spika, amefumba macho, shingo amenyoosha kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

Sasa mnijue. Mimi ndiye niliyemwambia mwenye nyumba, mbele ya wapangaji wote, kwamba paa lake linavuja kuliko mdomo wa jirani yake. Nina ulimi, na sioni haya nao. Siku ile nilirudi kwenye kiti changu nikaendelea kushona, na nilichoshona nilikuja kukifumua.

Yakaanza mambo ya barua. Kaka akitaka kulalamika mimi ndiye mwandishi, maana simu yangu ni nzima na vidole vyangu ni vyepesi. Nikaandika kama alivyosema, kwamba analipia Kamili na anapewa nusu. Jibu likaja kabla sijashusha simu.

"Wanasema pole kwa usumbufu," nikamsomea. "Wanauliza umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Mwambie huyo mtoto nilikuwa nazima na kuwasha kabla mama yake hajaolewa."

"Kaka, hana mama. Ni mashine inajibu."

"Basi mwite aliyeizaa!"

Aliyeizaa hatukumpata. Tulipewa namba ya lalamiko, tukaambiwa tubadilishe waya, tukabadilisha. Tuhamishe kisanduku cha mtandao, tukakihamisha mpaka kikawa kinaning'inia juu ya cherehani yangu. Kila baada ya jambo moja kaka anacheza wimbo, mimi nasikia mchanga, yeye anasema hakuna. Nikaanza kuwachukia watu wa programu kwa sababu hawakuwa na kosa. Wangekuwa na kosa tungewatukana tukalala.

Wakati huo kazi ilikuwa inaharibika mbele ya macho yangu. Fundi asiyesikia mchanga anautafuta, na kaka aliutafuta kwa nguvu. Akawa anabadilisha twita, zile spika ndogo za sauti za juu, anaweka kali zaidi, kisha kali kuliko hizo. Mama wa ukumbi, mwenye ukumbi wa sherehe ng'ambo ya barabara, ndiye mteja wake mkubwa. Spika zake nne ndizo zinazolipa kodi ya chumba kile. Alizichukua Jumatatu, akazirudisha Jumatatu iliyofuata kwa mkokoteni.

"Fundi, umenifanyia nini? Zinachoma! Wageni wameomba pamba za masikio. Bibi harusi alikuwa analia, nikadhani ni furaha."

"Mmezoea spika mbovu, mama," kaka akasema. "Nzuri zinawashtua."

"Sawa. Nirudishie ubovu wangu basi. Jumamosi nina sherehe. Nakuja Alhamisi, na safari hii zikinichoma nazipeleka kwingine, usije ukanilaumu."

Alipoondoka, wifi akanivuta hadi jikoni.

"Wifi, mwambie. Wewe ndiye mwenye mdomo."

"Wewe ndiye mwenye mume."

"Nimejaribu! Nimemwambia tukapime masikio, wanapima bure wiki hii. Unajua kanijibu nini? 'Kampimeni huyo wa programu.' Na amecheka, wifi. Amecheka kweli, kwa sauti."

Tukakaa tunaangaliana juu ya sufuria, wanawake wawili wazima. Hakuna aliyetoka kwenda kumwambia. Nitamwambiaje mtu anayeitwa Sikio?

Jumatano kaka akaja mwenyewe na dawa yake. Alitaka ushahidi wa kuwapelekea.

"Kamili yao ni Kawaida iliyovishwa koti," akasema. "Na nitawaumbua. Mke wangu, wewe utakaa kwenye kompyuta. Utacheza ubeti wa pili mara kumi, mara Kawaida, mara Kamili, upendavyo, na uandike umeweka nini. Usiseme neno. Mimi na mdogo wangu tutageukia ukuta, kila mtu na karatasi yake. Ukisikia mchanga andika upo. Usiposikia andika haupo. Karatasi zote tatu tunawapigia picha, tunawatumia. Watasema nini tena?"

"Mimi wa nini?" nikauliza. "Mimi ni mshonaji."

"Ndiyo maana. Wasije wakasema nilijipendelea. Wewe hujui kitu, wewe ndiye shahidi mzuri."

Tukakaa tukitazama mbao kama watoto walioadhibiwa. Wifi akabonyeza. Ya kwanza ilikuwa Kawaida. Hata mimi niliijua, lile toazi lilitoka kama limefunikwa kwa shuka lenye maji. Haupo. Ya pili ikawa Kamili, na mchanga ukamwagika pale karibu na bega langu. Kalamu ikaandika upo kabla sijaamua chochote.

Ya tatu nilitaka kudanganya. Nasema ukweli. Nilifikiri nikiandika haupo zote, karatasi zetu zitafanana, atashinda, atawatumia watu wa programu, na sisi tutaendelea kuishi. Nikamtupia jicho la pembeni. Amefumba macho, kalamu ameishika wima, anangoja kwa uaminifu kabisa. Mtu anayepima spika ya mwenzake kwa miaka thelathini na moja bila kumdanganya, mimi nimwekee kipimo cha uongo? Nikaandika nilichosikia. Ya nne vilevile, mpaka ya kumi.

Wifi akasimamisha. Kaka akageuka akisugua mikono.

"Haya, soma!"

Wifi alisoma yake kwanza, tano Kawaida, tano Kamili, kwa mpangilio aliouweka. Kisha akachukua ya kaka. "Haupo," akasema, "haupo, haupo…" akaacha, maana zilikuwa kumi zote.

"Mnaona!" kaka akasema. "Koti tu! Sasa ya shahidi."

Wifi akaitazama karatasi yangu, akanitazama, akampa yeye aisome mwenyewe.

Aliisoma polepole. Akaichukua ya wifi, akaziweka pamoja mezani, akawa anashuka na kidole, mstari kwa mstari, kama anavyofuata waya kutafuta ulipokatika. Alipofika chini alirudi juu akashuka tena. Mpangilio haukupishana hata mstari mmoja.

"Umekaa karibu zaidi na spika," akaniambia.

"Tubadilishane, kaka."

Tukabadilishana. Akamwambia wifi aweke Kamili, na mimi nikiusikia mchanga niinue mkono. Safari hii hakufumba macho wala hakuinama kwenye spika. Alikuwa anautazama mkono wangu.

Nikauinua.

"Hapo?" akauliza.

"Hapo."

"Bado upo?"

"Bado… bado… umekwisha." Nikashusha mkono.

Akakaa. Simu yangu ikalia mapajani, sote tukaruka.

"Nani?" wifi akauliza.

Nikasoma. Walikuwa wao. Walikuwa wamesoma lalamiko letu, safari hii kwa jicho la mtu, na kwa kuwa tulikuwa wateja wavumilivu walituongezea mwezi mmoja wa Kamili bila malipo.

Wifi alianza kucheka, akaziba mdomo.

"Waambie asante," kaka akasema. "Waambie hawakukosea kitu."

Nikaandika hivyohivyo. Mashine ikajibu kwamba imefurahi kutusaidia.

Siku ya pili, Alhamisi, hakugusa kazi. Twita kali alikuwa ameshazitoa usiku, akarudisha za zamani, spika zote nne zikawa zimepangwa ukutani, zimefungwa, zimefutwa vumbi. Nilimwambia kupitia ukuta kwamba wapo madaktari, kwamba kuna vifaa vya kuvaa sikioni, siku hizi ni vidogo hata havionekani. Akaniuliza vinaleta mchanga? Nikasema sijui. Kweli sijui. Akaniambia alimuuliza binti yake kwa simu, naye aliuliza huko aliko, akaambiwa vinasaidia kusikia watu wakiongea.

"Watu wakiongea nawasikia," akasema. "Wanaongea sana."

Mama wa ukumbi akafika saa tisa na mkokoteni wake na mwanamume wa kusukuma. Nikatoka nikasimama mlangoni kwa kaka pamoja na wifi, hatuna kazi pale.

"Fundi, habari za leo. Tayari?"

Kaka alikuwa amesimama mbele ya zile spika kama anazikinga mvua.

"Haziko tayari, mama."

"Mbona naona zimefungwa? Zina nini tena?"

"Hazina kitu. Nadhani hazina kitu. Hazijasikilizwa."

"Ah! Kumbe ni hilo tu," mama wa ukumbi akasema, akapumua. Anaijua kanuni yake, ndiyo iliyomleta pale miaka yote. Akamwambia mwanamume wake apumzike, akavuta kigoda, akajipangia kanga zake vizuri. "Zisikilize, fundi. Mimi sina haraka. Nangoja."

Kaka alinitazama, mimi nikamtazama wifi. Mama wa ukumbi akaweka mikono mapajani, akatulia kabisa ili asimsumbue.